Asiye na dini akiitwa shahidi: ataapa kwa nani?

Kila Wiki ya Sheria inapofika, swali hili hurudi kwenye meza za msaada wa kisheria likiwa na sura mbili. Kuna anayeuliza kwa wasiwasi: nimepata samansi ya kwenda kutoa ushahidi, sina dini, nikishika Biblia nitakuwa nimesema uongo kabla sijaanza kuhojiwa, je, nikikataa nitawekwa ndani? Kuna pia anayeuliza kwa hasira, na huyu aghalabu ndiye mwenye shauri: yule shahidi wa upande wa pili hamwogopi Mungu wala kiama, ushahidi wake unapokelewaje?

Kama asiyeamini atasimamishwa mbele za Mungu siku ya mwisho, hilo si letu kulijibu. Waulizwe mashehe, mapadri na wachungaji. Katiba inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na inamlinda kila mtu katika uhuru wa mawazo na imani, akiwemo aliyechagua kutoamini. Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba mahakama haihitaji umwogope Mungu ndipo ikusikilize. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake, na mwenye shauri lililokwisha kuanza azungumze na wakili wake.

Sheria ya Viapo, Sura ya 34, inasema hivi: mtu anayetakiwa kuapa, lakini ni wa imani nyingine isiyo ya Kikristo, au anapinga kuapa kwa sababu hana imani ya dini, au kwa sababu imani yake inakataza viapo, ataruhusiwa kuthibitisha, yaani kutamka rasmi kwamba atasema kweli, badala ya kuapa. Uthibitisho huo una nguvu ileile ya kiapo. Hauna nguvu "karibu sawa", wala si kiapo cha daraja la pili.

Hapa watu wengi hushangaa, na sisi tunawashangaa wao. Kwa lugha ya sheria hii, Muislamu naye huthibitisha. Soma mwenendo wa shauri lolote, yaani kumbukumbu ya maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, na utaona baada ya jina, umri, kazi na makazi ya shahidi: "Muislamu, athibitisha". Mhindu huthibitisha pia. Kama kuthibitisha kungekuwa ni kuponyoka, basi mashahidi wengi waliowahi kusimama kizimbani Tanga na Kigoma wangekuwa wameponyoka. Hakuna anayedai hivyo. Lakini asiye na dini akisimama kuthibitisha, watu kwenye mabenchi wanaanza kunong'ona.

Kundi la tatu, la waumini wasioapa, nalo si la kufikirika. Injili ya Mathayo 5:34 inasema "msiape kabisa", na yako madhehebu yanayolichukua neno hilo kama lilivyo. Wamennonite, ambao kanisa lao lilianza Shirati mkoani Mara mwaka 1934, wametoka katika mapokeo hayo. Kwa hiyo anayeomba kuthibitisha huenda ni mcha Mungu kuliko anayemnyooshea kidole.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Shahidi anaitwa kwa jina, anaingia kizimbani, anaulizwa taarifa zake. Ikifika dini, jibu kwa sentensi moja: "Mheshimiwa, sina dini, naomba kuthibitisha." Huhitaji barua, huhitaji mdhamini wa kutokuamini kwako, na tafadhali usitoe mhadhara kuhusu chanzo cha ulimwengu; kuna mashauri mengine kumi yanasubiri. Taja sababu, kwa kuwa sheria inataka itajwe: huna imani ya dini, au imani yako inakataza. "Sijisikii kuapa" si sababu. Utasomewa maneno ya uthibitisho, utayarudia, kisha ushahidi mkuu utaanza, ufuatwe na maswali ya dodoso kutoka upande wa pili, na baadaye maswali ya ufafanuzi kutoka upande uliokuita.

Katika majalada ya zamani mtu wa aina hii aliandikwa "mpagani". Wanaoudhika kwa neno hilo wana haki ya kuudhika, ila halipunguzi chochote kwenye uzito wa walichosema.

Makosa hutokea, na mengi huanzia kwenye jina. Karani anasikia "Yohana", anakabidhi Biblia. Anasikia "Hamisi", anaelekea upande mwingine. Shahidi anaona haya, anapokea, anaapa. Baadaye upande ulioshindwa unagundua kwamba Yohana hajakanyaga kanisani tangu kipaimara, nao unakata rufaa kwamba kiapo kilikuwa batili. Hoja hiyo haifiki mbali. Sheria ya Viapo inasema kiapo kikishatolewa na kupokewa katika shauri, kitahesabiwa kuwa kimetolewa ipasavyo hata kama palikuwa na kasoro katika namna ya kukitoa, na hata kama kiapo kimewekwa mahali pa uthibitisho au uthibitisho mahali pa kiapo.

Lakini dawa hiyo hutibu kasoro, haitibu ukosefu. Shahidi akitoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, pale ambapo sheria inamtaka afanye hivyo, ushahidi wake hauna thamani na unaondolewa. Mahakama ya Rufani imelisema hilo mara nyingi, na si kwa kesi za jinai tu: yapo mashauri ya kazi yaliyoanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ambayo mwenendo wake ulifutwa na kuamriwa yasikilizwe upya, kwa kuwa mashahidi hawakuapishwa. Miaka ya watu inapotea kwa jambo la nusu dakika. Ukiwa mdaawa, yaani mmoja wa wenye shauri, sikiliza. Shahidi akianza kueleza habari kabla ya hatua hiyo, simama au mguse wakili wako, iombe mahakama irekebishe papo hapo. Usilifiche ili ulitumie kwenye rufaa, maana shahidi atakayeondolewa anaweza kuwa wako.

Dhana kwamba asiyeogopa adhabu ya Mungu hafai kuwa shahidi haikuzuka hewani. Iliwahi kuwa sheria Uingereza, tulikorithi sehemu kubwa ya utaratibu wetu. Mnamo 1744 mahakama ya London, katika shauri la Omychund na Barker, ilikubali ushahidi wa Wahindu waliohojiwa Calcutta, kwa hoja kwamba wao nao wanamwamini Mungu anayelipa mema na mabaya. Mlango ukafunguliwa kwa wasio Wakristo, ukabaki umefungwa kwa wasioamini malipo hayo. Mwaka 1880 Charles Bradlaugh, mkanamungu aliyejulikana wazi, alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton. Mvutano juu ya kiapo chake ulimzuia kukaa kwenye kiti hicho kwa utulivu hadi 1886. Sheria ya Viapo ya Uingereza ya 1888 ndiyo iliyoruhusu kuthibitisha kwa kutaja mojawapo ya sababu mbili, na ukiisoma sambamba na Sura ya 34 utaona maneno yetu ni ndugu yake wa damu. Kwa hiyo anayelalamika leo kwamba shahidi "hana hofu ya Mungu" anatetea sheria iliyokwisha kuondolewa hata huko ilikotoka.

Sasa adhabu, kwa sababu ndiko upotoshaji ulikojaa. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, anayetoa ushahidi wa uongo katika shauri, akijua ni uongo, juu ya jambo lenye uzito katika shauri hilo, anatenda kosa ambalo adhabu yake inafika kifungo cha miaka saba. Ni miaka saba ileile kwa aliyeapa na kwa aliyethibitisha. Sheria inasema wazi kwamba namna na taratibu zilizotumika kumfunga shahidi aseme kweli hazina maana, mradi alizikubali wakati ule. Haijalishi kama mahakama iliundwa ipasavyo, wala kama shahidi mwenyewe alistahili kutoa ushahidi. "Niliapa mdomoni, moyoni sikuapa" si utetezi. "Sikushika kitabu" si utetezi. "Kitabu nilichopewa si cha dini yangu" nacho si utetezi.

Zingatia maneno "akijua" na "lenye uzito". Shahidi aliyesema shati lilikuwa la bluu kumbe la kijani, katika kesi ya deni, amekosea tu. Aliyesema alimwona mshtakiwa Manzese saa tatu usiku huku yeye mwenyewe usiku huo yuko Morogoro, huyo ana la kujibu. Mahakama haimtii mtu hatiani kwa kosa hili kwa neno la shahidi mmoja peke yake kwamba alichosema ni uongo. Unahitajika ushahidi zaidi, na mara nyingi nyaraka ndizo huamua. Aliyemshawishi naye ana kosa. Kumpa shahidi nauli si dhambi wala jinai. Kumpa nauli pamoja na maneno ya kwenda kusema, hapo mmeingia wote wawili.

Asiyetaka kuapa wala kuthibitisha, bila sababu inayokubalika, anajitafutia matatizo ya namna nyingine. Katika shauri la jinai mahakama inaweza kuliahirisha kwa muda usiozidi siku nane na kumpeleka gerezani hadi akubali, na ikiona inafaa inaweza kurudia. Mtu akishapewa njia ya kuthibitisha, kisingizio cha dhamiri hakimsaidii tena.

Na yule mwenye hasira tuliyeanza naye? Uwanja wake ni maswali ya dodoso. Aulize shahidi alisimama umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, kwa nini maelezo yake ya polisi yanapishana na ya leo, ana undugu gani na mdai. Hayo hakimu anayaandika. Kumuuliza kama anaogopa jehanamu kunapoteza muda wa mahakama. Vitisho vya kumsomea halbadiri nje ya mahakama vinaweza kuonekana kuwa ni kumtisha shahidi, na hilo lina kesi yake.

Kwa watoto mambo ni tofauti kidogo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kuapa wala kuthibitisha, ila lazima aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Mahakama ya Rufani imeelekeza aulizwe maswali mepesi: umri, dini na kama anaelewa maana ya kiapo, na kama anaahidi. Mzazi asiye na dini asimfundishe mtoto kutaja dini ya bibi yake ili aonekane mwema. Kinachotakiwa ni ahadi hiyo, na iandikwe kwenye mwenendo kabla mtoto hajaanza kueleza.

Tumalizie na hati za kiapo, yaani maelezo ya maandishi yanayoapiwa, ambazo wengi wenu mtazihitaji kuliko kizimba: jina lililokosewa, cheti kilichopotea, maombi mahakamani. Mpiga chapa wa stesheneri ana kiolezo kimoja tu, "naapa na kutamka". Mwambie abadilishe iwe "nathibitisha na kutamka", na mwishoni kabisa, kwenye sehemu ya Kamishna wa Viapo, "imethibitishwa" badala ya "imeapwa". Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoangusha hati nyingi. Lazima ionyeshe jina la kamishna, mahali na tarehe, na kama anakufahamu binafsi au umetambulishwa kwake na nani. Usisaini nyumbani ukamtuma bodaboda na karatasi. Unasaini mbele yake. Ukigundua kosa baada ya kusaini, usifute kwa wino mweupe. Chapisha hati upya na urudi kwake kusaini tena, kwa tarehe ya siku hiyo.