Maji yenye floraidi: kuchemsha hakusaidii, mifupa inasaidia

Kwa nini watu wa Arumeru, Hai na Nakuru wanasumbuliwa sana na meno ya kahawia?

Miamba ya volkano ya huko imejaa floraidi, madini yanayotia meno rangi ya kahawia yakizidi, na maji ya ardhini huiyeyusha yakipita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuvumilia hadi 8 vijijini, baadaye 4, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Mwili wa mtoto haukuwa na habari na uvumilivu huo.

Nachemsha maji kila siku. Si yanakuwa salama?

Kwa vijidudu, ndiyo, na usiache kuchemsha. Kwa floraidi unaongeza tatizo. Chukua sufuria ya lita 5 yenye miligramu 3 kwa kila lita: jumla ni 15. Yakichemka mpaka zibaki lita 4, mvuke umeondoka na maji matupu. Zile 15 bado zimo, na sasa kila lita ina karibu 4.

Basi niweke mkaa ndani ya ndoo?

Mkaa wa kupikia unaweza kupunguza harufu, lakini floraidi inaupita tu. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfati, na floraidi hupenda kujishikiza hapo. Ndiyo sababu ile ile inayoipeleka kwenye meno yetu, na kwa anayeinywa miaka mingi, kwenye mgongo na magoti mpaka yanakakamaa. Tunachofanya ni kuipa mfupa mwingine iushike kabla haijatufikia.

Mifupa ya ng'ombe husafishwa, huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, nyuzi 400 hadi 500 za Selisiasi, kisha husagwa kuwa chenga. Chenga hutiwa kwenye ndoo yenye koki chini, maji yakapita taratibu. Shika chenga mkononi uzitazame: ziwe nyeusi au kijivu. Zikiwa nyeupe kama chokaa, moto ulizidi na nguvu ya kunasa imepungua. Zikiwa hazijaiva, maji yatatoka na rangi na harufu ambayo hakuna mgeni atakayemaliza kikombe. Kwa hiyo usijichomee jikoni. Wizara ya Maji ina kituo cha Ngurdoto, Arusha, kinachoshughulika na kazi hii.

Chujio likichoka nitajuaje?

Ulimi hautakwambia, wala macho. Chenga zina nafasi zake kama viti vya daladala, ila humu hakuna kusimama: zikijaa, floraidi inayofuata inapita moja kwa moja hadi kikombeni. Peleka maji yaliyochujwa maabara mara kwa mara. Chenga zilizojaa hubadilishwa, au huoshwa na mafundi kwa soda ya kostiki zikatumika tena. Hiyo nayo si kazi ya nyumbani, inaunguza.

Linaondoa na madini ya risasi?

Mkaa wa mifupa hunasa risasi na kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, pia. Lakini chujio lililopimwa kwa floraidi lisikupe imani kuhusu risasi, pima upya. Tena risasi haiji kwa maji peke yake. Owino Uhuru, Mombasa, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, sumu ilikuwa kwenye hewa na vumbi pia, na ndoo haichuji vumbi la uani.

Mwanangu ana miaka 11, meno tayari ni kahawia. Yatarudi?

Hayarudi, na usimsugue kwa mswaki mgumu. Rangi iliingia jino likiwa bado linajengwa, kabla ya miaka 8 hivi. Daktari wa meno anaweza kulifunika. Chujio ni la wadogo zake. Na ukishalinunua, angalia na magadi unayoivishia maharage: mengine yana floraidi nyingi kuliko maji uliyohangaika kuyachuja.