Kuchanganya "r" na "l" si dalili ya kukosa shule

Mtu akisema "nimerara" badala ya "nimelala", kicheko huanza kabla hajamaliza sentensi, na wengi huhitimisha kwamba hakusoma. Si kweli. Kikikuyu, kwa mfano, hakina sauti ya "l". Sikio lililolelewa humo halikuwahi kuhitaji kutenganisha "r" na "l", na hata profesa huteleza.

Hukumu hutungwa na msikilizaji. Mwaka 1960, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walichapisha jaribio lao la Montreal, Kanada: watu walewale walirekodiwa wakisoma kifungu kimoja kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa. Wasikilizaji, bila kujua hilo, waliwapa "Waingereza" akili zaidi, hata kimo kirefu zaidi (kimo, kwa kusikia sauti tu!). Wasikilizaji wenye asili ya Kifaransa nao walihukumu vivyo hivyo.