Burr si jambazi, mpe chai

Kila nikigawa wahusika kwenye kikundi chetu hapa Iringa, anayepewa Aaron Burr hukunja uso. Anajua mwisho wa igizo ndiye atakayempiga risasi Alexander Hamilton, basi anaanza ubaya tangu anapokanyaga jukwaa. Namsimamisha hapo hapo.

Katika Hamilton, igizo la muziki la Lin-Manuel Miranda kuhusu waasisi wa Marekani, lililofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 2015, Burr ndiye msimulizi wetu. Yeye na Hamilton wote wamekua bila wazazi. Ila Hamilton katoka visiwa vya Karibi mikono mitupu. Hana cha kupoteza, kwa hiyo anachana mistari kama anayefukuzwa. Burr ni mjukuu wa mhubiri mashuhuri, kamaliza chuo ana miaka 16, ana jina la kulinda. Wanapokutana tu anamshauri mwenzake apunguze maneno. Wimbo wake mkubwa wa sehemu ya kwanza unahusu kungoja.

Mazoezini nawapa kila mmoja kikombe cha chai ya moto. Julai, na baridi yetu hii, hakuna anayekataa. Wa Hamilton anywe papo hapo, aungue, aendelee kusema. Wa Burr akishike tu, apashe viganja, amtazame mwenzake akiungua. Kijana mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mimi nakunywa lini?” Nikamwambia subiri mlo wa 1790, Hamilton anapokubaliana na wanasiasa wenzake Jefferson na Madison kuhusu madeni ya majimbo na mahali pa makao makuu ya nchi, Burr akiwa nje ya mlango. Hapo banjo inaingia na kwa mara ya kwanza Burr anakiri anachokitaka.

Baadaye, uchaguzi wa rais wa 1800 unampa Burr na Jefferson kura 73 za wajumbe kila mmoja. Hamilton, aliyegombana na Jefferson miaka yote, anamuunga mkono huyo huyo: heri mpinzani mwenye msimamo kuliko mtu asiye nao. Jukwaani hapo ni hatua moja tu hadi kwenye bastola. Kihistoria, Burr kwanza aliukosa ugavana wa New York mwaka 1804, na maneno ya Hamilton dhidi yake yakatoka gazetini. Julai wakakutana Weehawken, New Jersey, kwa bastola. Miranda kayabana hayo, na mimi simlaumu, maana kidonda ni kile kile.

Sasa tunaandaa la kwetu. Mkwawa wa Lugalo, aliyewapiga Wajerumani 1891, kila mtu anamjua. Mimi namtaka chifu Merere wa Usangu, ambaye ukoo wake Wahehe, watu wa Mkwawa, waliufukuza, ukakaa Utengule Usongwe miaka mingi ukingoja, hadi ukaungana na Wajerumani. Wanne wameshaomba kuwa Mkwawa. Nafasi ya Merere bado haina mtu.