Kuhamisha Kadi za Wateja Hakumaanishi Kuzipakua
Wafanyabiashara wengi wa Kampala wanaouza kwa intaneti huamini kwamba wakibadilisha kampuni inayoshughulikia malipo ni lazima wapakue namba za kadi za wateja na kuzituma wenyewe kwa baruapepe. Sivyo, na kufanya hivyo ni hatari kubwa. Kwa kawaida duka huhifadhi tokeni tu, yaani alama isiyo na thamani nje ya mfumo ulioitoa. Namba kamili ziko kwa kampuni ya zamani, nayo huzisimba kwa njia fiche na kuzikabidhi moja kwa moja kwa ile mpya, baada ya kuthibitisha kwamba inafuata PCI DSS, kiwango cha kimataifa cha usalama wa data za kadi, kisha duka hupewa orodha inayooanisha tokeni za zamani na mpya. Tarakimu tatu za nyuma ya kadi hazihamishwi kamwe, kwa kuwa ni marufuku kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa. Nasisitiza: akaunti ya zamani isifungwe kabla tokeni mpya hazijajaribiwa.