Shujaa wa kike katika hadithi na filamu: kinachomfanya asisahaulike

Shujaa wa kike ni mhusika mwanamke anayeibeba hadithi. Anataka kitu, anaamua namna ya kukipata, na uamuzi wake ndio unaosukuma mambo yanayofuata. Ukimwondoa, hadithi haisogei. Anaweza kuwa mwema au mkorofi, mrembo au wa kawaida, akashinda au akashindwa. Nalisema hili mapema kwa sababu maigizo mengi tunayoyaangalia humpa mwanamke wema, uzuri na machozi tele, halafu yakamnyima hicho kitu cha kukitaka.

Mchukue mhusika ambaye sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunamjua mno: dada wa kazi kutoka Iringa. Yumo katika filamu na tamthilia nyingi za Dar es Salaam. Anafungua geti, anapokea mizigo, anapita na trei ya juisi, anafokewa, na lafudhi ya kwao inatumika kuwachekesha watazamaji. Mara nyingine baba mwenye nyumba anamtongoza, na hapo anapata dakika chache za kuonekana, ila hata dakika hizo ni za ugomvi wa mume na mke. Yeye mwenyewe anataka nini? Hatuambiwi. Inaniumiza, maana mabinti hao ni ndugu zetu. Wametoka Kilolo, Mufindi, Njombe na Makete, wamepanda basi kwenda kwa watu wasiowajua, na kila mmoja amekwenda na hesabu zake kichwani.

Sasa mpe kitu kimoja tu. Tuseme ana miaka 19, ametoka kijiji kimoja cha Kilolo, na anataka cherehani. Ukisema anataka "maisha mazuri" au "kutimiza ndoto", msomaji hapati cha kushika. Cherehani ya miguu, ya kukaa kibarazani kwa mama yake, inashikika. Kila mwisho wa mwezi anamwachia bosi wake nusu ya mshahara amtunzie. Tayari tumeanza kumfuatilia. Hata trei ya juisi sasa ina maana, kwa kuwa tunajua amebakiza miezi mingapi.

Halafu mwekee uzito. Bosi wake ni mtu mwema, alimuuguza alipoumwa malaria, na sasa amejifungua kabla ya wakati. Anamwambia, "Mdogo wangu, nakuomba usiniache kipindi hiki." Siku hiyohiyo mama anapiga simu kutoka kijijini: fundi anayeuza cherehani amepata mteja mwingine, anasubiri mpaka Jumamosi. Akibaki anapoteza, akiondoka anapoteza. Lolote atakaloamua, kuanzia hapo hadithi ni yake, na yule bosi amegeuka mhusika msaidizi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kwa maoni yangu kiini cha dhana hii kiko hapo, kwenye uamuzi wenye gharama. Darasani tunafundishwa kuwa kuna wahusika bapa, wasiobadilika, na wahusika duara, wenye pande nyingi, mgawanyo ulioenezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927. Unasaidia, lakini mhusika anaweza kuwa duara kabisa na bado akakaa pembeni akitazama wengine wakiamua. Uduara peke yake haumfanyi shujaa.

Kosa linalojirudia zaidi ni kudhani mateso ndiyo ushujaa. Mwanamke anapigwa na mume mlevi, mawifi wanamsingizia, anafukuzwa usiku na mtoto mgongoni huku mvua ikinyesha, analia mpaka sauti inakauka. Mwishoni anatokea mwanamume mwenye gari kubwa na kumfuta machozi. Tunamhurumia, na huruma ni jambo jema, lakini filamu ikiisha nayo imeisha. Mateso humpata mtu hata kama amekaa kimya. Ushujaa wa kihadithi huanza pale anapoyajibu, hata akiyajibu vibaya.

Hilo la kujibu vibaya wengi hawalipendi, kwa hiyo nitoe mfano. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Rosa amelelewa na baba mlevi na mkali, aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapoondoka nyumbani na kupata uhuru anautumia ovyo, anaangamia, na mwisho anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, kisha miaka ikapita kikaingia miongoni mwa vitabu vinavyosomwa na wanafunzi. Waliokizuia walimtaka mhusika mkuu awe kielelezo cha tabia njema. Rosa hakuwa hivyo, na baada ya zaidi ya miaka 50 watu bado wanabishana: kosa ni la Zakaria, baba yake, au la Rosa mwenyewe? Mtunzi aliyeweza kuacha ubishi wa namna hiyo nyuma yake alimjua mhusika wake vizuri.

Siku hizi wapo waliochoshwa na machozi wakakimbilia upande wa pili. Mwanamke anawaangusha wanaume watatu kwa mateke, au ni bosi wa kampuni asiyemwogopa mtu. Nayafurahia mabadiliko hayo, ila asiyeogopa kitu hana cha kuhatarisha. Nguvu ya mhusika huaminika ikiwa na ujuzi unaoonekana na udhaifu unaoonekana.

Fikiria mama mmoja wa Mbeya anayenunua viazi mviringo huko Uporoto na kuvipakia kwenye lori la Dar. Ujuzi wake uonyeshwe kwa karibu: anachukua kiazi, anasugua ganda kwa kidole gumba, ganda likibanduka anakirudisha. "Hiki bado kichanga, kitachubuka na kuoza kabla ya kufika." Hajasema kwamba yeye ni hodari, lakini tumeona. Udhaifu wake ni lumbesa. Wateja wa mjini wanataka gunia lililojazwa likapitiliza, lenye kilemba cha viazi kilichofumwa kwa kamba juu ya mdomo, wakati sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Akikataa lumbesa atakosa wateja. Akiikubali anawapunja wakulima, na mmoja wao ni mama mkwe wake, aliyempa mtaji wa kwanza alipofiwa na mume. Mama mkwe huyo anasimama kando ya mzani ambao haujatumika, anamtazama, anasema, "Mwanangu, hata mimi?"

Kwenye kitabu unaweza kueleza anachowaza kwa ukurasa mzima. Kamera haioni mawazo, na hapa filamu zetu nyingi hujikwaa: mhusika anakodolea ukuta huku sauti yake yenye mwangwi ikitusomea yote yaliyo moyoni. Mwache afanye kitu. Ameshika sindano ya kushonea magunia, uzi umeshapita, anasita, anauchomoa. Mtazamaji wa Tukuyu au wa Makambako ameelewa.

Yasmin wa Vuta N'kuvute ni mfano mzuri wa shujaa anayeanza kwa kutenda, katika riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999. Ameozwa akiwa binti mdogo kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, na anatoroka ndoa hiyo. Mapenzi yake na Denge, kijana mwanaharakati, na harakati za kupinga ukoloni Zanzibar huja baada ya hatua hiyo aliyoichukua mwenyewe. Amil Shivji alipoitengenezea filamu mwaka 2021 alikuwa na mhusika ambaye uamuzi wake unaweza kupigwa picha.

Wapo pia wanaotumia kipimo cha Bechdel, kilichopewa jina la mchora katuni wa Marekani, Alison Bechdel, aliyekichora mwaka 1985: je, filamu ina wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao kuhusu jambo lisilokuwa mwanamume? Kipimo hiki hakisemi kama shujaa ameundwa vizuri. Kinafichua tu jinsi alivyozungukwa. Simama sokoni Mwanjelwa kwa nusu saa usikie wanawake wanazungumza nini: bei ya mchele wa Kyela, zamu ya mchezo wa pesa, mtoto aliyefaulu, mvua iliyochelewa. Mtunzi anayewapa wanawake wake wote mazungumzo ya mume tu ameacha kusikiliza.

Lugha yao nayo inataka kusikilizwa hivyohivyo. Binti wa Iringa akipigiwa simu na shangazi ataanza na "kamwene" kabla Kiswahili hakijaendelea. Mama wa Rungwe atashukuru kwa "ndaga". Maneno kama hayo yakiwekwa kwa heshima humpa mhusika mahali pa kutoka. Yakiwekwa kwa kejeli humrudisha kwenye trei ya juisi.

Kuhusu mwisho wa hadithi, swali ni nani aliyeufanya uwe ulivyo. Yule mama wa viazi, mkuu wa wilaya akitokea ghafla na kuwakamata wanunuzi wa lumbesa, hadithi imenyang'anywa mikononi mwake dakika ya mwisho. Akiamua mwenyewe kupima kila gunia kwa mzani, akaanza na ya mama mkwe wake, wateja wakubwa wakamhama na msimu ule akabaki na deni la lori, ameshindwa kibiashara, na sisi tutataka kujua msimu ujao atafanya nini.