Je, wajua kwa nini mitumbwi 230 ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ilishindwa kuiteka Buvuma, kisiwa cha Ziwa Victoria?

Mwaka 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza alikusanya upande wa Jinja mitumbwi ambayo msafiri Mzungu Henry Morton Stanley, aliyekuwepo, aliihesabu kuwa 325, na kati yake 230 ndiyo iliyofaa kwa vita. Wavuma, wenyeji wa visiwa vilivyo karibu na mahali Mto Nile unapotoka ziwani, walikuwa wamekataa kumtii, ingawa mitumbwi yao ilikuwa midogo na michache. Hata hivyo, baada ya majuma kadhaa ya mapigano, Mutesa alirudi na ushuru na ahadi ya utii, lakini Buvuma yenyewe hakuipata.

Kosa halikuwa katika vyombo. Mtumbwi wa vita wa Buganda uliundwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za mimea bila msumari hata mmoja, kama mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani, na omo yake ndefu ilipambwa kwa pembe za swala na manyoya. Mkubwa kuliko yote aliouona Stanley ulikuwa na urefu wa futi 72, ukiendeshwa na wapiga kafi zaidi ya 60.

Udhaifu ulikuwa kwa watu. Wapiga kafi hodari walikuwa Wasese, watu wa visiwa vya Ssese, chini ya Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba. Ila wenye mikuki na bunduki waliopakiwa mitumbwini walikuwa askari wa bara, na wengi hawakujua kuogelea. Kwa Mvuma, aliyepiga kafi ndiye aliyepigana. Mutesa alijaribu hata kumwaga mawe na miti majini ili jeshi livuke kwa miguu hadi Ingira, kisiwa cha Wavuma, jambo ambalo, kwa maoni yangu, linaonyesha wazi kwamba ziwa lilimtia hofu kuliko adui. Njia hiyo haikukamilika. Mwishowe Stanley aliunganisha mitumbwi mitatu, akajenga juu yake boma lililojaa wenye bunduki, na Wavuma wakakubali masharti.

Kwa hiyo Buganda iliendelea kutawala maji ya magharibi na njia ya kusini iliyoleta bunduki na nguo za wafanyabiashara wa pwani, huku Wavuma wakibaki huru. Umuhimu wa wapiga kafi ulionekana tena mwaka 1889, pale Kabaka Mwanga, aliyepinduliwa mwaka uliotangulia, aliporudi kwa njia ya ziwa akiungwa mkono na Wasese, akapiga kambi katika kisiwa cha Bulingugwe.

Buvuma ilitekwa mwaka 1893, Waganda walipokwenda pamoja na Waingereza wenye bunduki ya Maxim. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za mvuke zikachukua njia za mitumbwi, na ugonjwa wa malale ukawafanya watawala wa kikoloni wawahamishe watu wa Ssese na Buvuma, wakiwemo mafundi na wapiga kafi waliokuwa nguvu yote ya Kabaka majini.