Sindano Inayoona Njia: Maswali ya Wagonjwa wa Unguja na Pemba

Bibi yetu wa Mkoani ana jipu kwenye ini. Ametumwa Unguja atolewe usaha kwa sindano, bila ya kupasuliwa. Daktari ataonaje ndani?

Kwa altrasaundi. Kidude kinachopitishwa tumboni hutoa sauti ambazo sikio haliwezi kuzisikia. Zikigonga viungo hurudi, na mashine ikazigeuza picha papo hapo. Usaha haurudishi sauti kama nyama ya ini, ndiyo jipu likaonekana. Sindano nayo huonekana ikishuka kama uzi mweupe, daktari akaiepusha na mishipa mikubwa ya damu.

Mchokoa pweza wakati wa bamvua hutia kijiti shimoni kwa uzoefu tu, ncha haioni. Hapa ncha inaonekana. Na ile jeli baridi si dawa, wala msiifute mapema: inaondoa hewa kati ya ngozi na kidude, maana hewa huzuia sauti kupita.

Jipu likiwa kubwa, huachwa mrija mwembamba siku kadhaa usaha uchuruzike, na dawa za kuua bakteria huendelea.

Atatiwa usingizi?

Mara nyingi ganzi inatosha, tena ni bora awe macho. Ini hupanda na kushuka kwa kila pumzi, kwa hiyo ataambiwa azuie pumzi kidogo. Mfanyisheni mazoezi nyumbani.

Tumesikia uvimbe ukichomwa sindano, saratani husambaa.

Hofu hii haikuzuka hivi hivi. Seli kufuata njia ya sindano hutokea, lakini ni nadra sana, na uvimbe wa aina fulani, kama wa korodani, madaktari hawauchomi kwa sababu hiyo. Kwingine, bila ya kinyama cha kupima, daktari anatibu kwa kubahatisha. Sindano ya kuchukua kinyama hulia "ta!" kama stepla, mgonjwa aambiwe mapema asije akaruka.

Si mambo ya majaribio haya?

Hapana. Mwaka 1964, huko Portland, Marekani, Dk. Charles Dotter alizibua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 kwa mrija, akiongozwa na eksirei. Bibi alikuwa amekataa kukatwa mguu, na mguu ukabaki. Karibu na kwetu, Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kusomesha madaktari bingwa wa fani hii, ya kutibu kwa sindano na mirija inayoongozwa na picha, mwaka 2019.

Tuseme nini kabla?

Dawa zote, hasa aspirini na warfarini, kwani huchelewesha damu kuganda. Msizisimamishe wenyewe, daktari ndiye aamue. Dawa za miti shamba pia zitajwe. Hapa ndipo wengi wanapoficha, kwa haya tu.

Na baada ya hapo?

Atalala saa kadhaa akipimwa presha na mapigo ya moyo. Maumivu makali ya tumbo au bega la kulia, kizunguzungu, jasho baridi au homa: arudishwe spitali mara moja. Na asipande boti ya Pemba siku ile ile, hata akisema yuko mzima.